Tundu la Kuvujia

Gari la ami lilikuwa likinywa maji kutushinda sisi wa nyumbani. Kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri nilikuwa natoka na chupa mbili za lita moja na nusu, nakata vichochoro mpaka nje ya Mji wa Kale, upande wa Makadara, ambako tulikuwa tukiliegesha. Ndani kwetu Peugeot 504 haipiti bila kuacha rangi yake kwenye ukuta wa mtu. Nafungua boneti, nazungusha kifuniko cha rejeta, namimina. Likitema mapovu, limeshiba. Nikirudi namkuta ami barazani na kikombe chake cha kahawa chungu, na swali lake ni lile lile: "Umelipa?" Nami namjibu, "Nishalipa." Yaani nimelipa gari maji yake. Ila siku hizi nikiikumbuka sauti ile naisikia kama ya mtu anayeuliza habari za deni.

Mambo yalikwenda hivyo karibu miaka mitatu, tangu ami apigwe na kiharusi na mkono wake wa kulia kukataa kushika gia. Mimi ndiye niliyekuwa na leseni, kwa hivyo mimi ndiye niliyerithi funguo, ingawa mwenyewe bado yu hai. Nikimpeleka kliniki, nikipeleka kina khalati harusini, nikienda sokoni Kongowea. Gari lenyewe limenizidi umri. Ufaransa iliacha kuunda saluni za 504 mwaka 1983, lakini barabara za kwetu hazikupewa taarifa. Ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na ami hukuhadithia mashindano yale kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa amekaa kiti cha pembeni akisoma ramani. "Pijo haifi," husema. Nadhani sentensi hiyo ndiyo iliyoliua nusu. Kitu ukishaamini hakifi, utakihudumia vipi?

Nina swali limenikaa rohoni, na si la ufundi. Kupuuza ni tendo? Mtu akiiba, kuna siku na saa ya kuiba. Akimpiga mwenzake, kuna mkono ulioinuka. Lakini gari lililoozeshwa kwa miaka, limeoza siku gani? Jumatatu liliongezwa maji, Jumanne vile vile. Hakuna asubuhi hata moja niliyoamka nikasema leo nitaiua injini ya ami. Kila siku moja, ukiitoa peke yake ukaitazama, haina hatia. Kijana kabeba chupa, kaenda kulihudumia gari la mzee wake. Ukimpiga picha atapata dua za watu.

Nilijifariji na hoja hiyo kwa muda mrefu. Tutairudia, maana ina kasoro.

Kwanza maji yenyewe. Nyumba nyingi za zamani za Mji wa Kale zina kisima, na cha kwetu maji yake ni ya chumvi. Ukifulia, sabuni haitoi povu, na ukiogea, ngozi inakukaza. Maji matamu tunayanunua kwa mwenye mkokoteni, jerikeni kwa jerikeni, siku ambazo mfereji umekauka, na mfereji wa kisiwa hiki kukauka si habari. Tangu miaka ya 1950 kuna bomba linalotuletea maji kutoka chemchemi za Mzima huko Tsavo, safari ya zaidi ya kilomita 200, na bado tunanunua kwa mkokoteni. Basi nyumbani kulikuwa na kanuni ambayo hakuna aliyeitunga: chai, maji matamu, wali, maji matamu, gari, ya kisima.

Chumvi na chuma, mtu wa pwani ahitaji kuelezwa? Tunaona mageti yetu yanavyoliwa. Lakini nilikuwa namimina bahari ndani ya injini na sikuwahi kuunganisha mambo mawili hayo. 504 ina bloku ya chuma na juu yake hedi ya alumini, na maji yanazunguka kwenye vyote viwili. Chumvi inakipa kila kimoja ugonjwa wake: chuma kinapata kutu, alumini inatoboka vijidoa. Ndiyo sababu ya ile dawa ya kijani inayoitwa kulanti. Watu husema ni ya nchi za baridi, maji yasigande, na sisi Mombasa baridi tutaitoa wapi? Ni kweli inazuia kuganda. Ila nusu ya kazi yake ni kuzuia kutu, na kutu haina haja na theluji.

Mwaka jana dawa za ami na mazoezi ya mkono vikatushinda bei. Tukakubaliana, yeye mwenyewe akiwemo, gari liuzwe. Mnunuzi akapatikana upesi: kijana wa Kisauni, wa umri wangu, anayechukua samaki Kilifi na kuwaleta mjini. Alikuwa akikodi gari la watu na kodi inamla faida. Tukakubaliana 170,000. Akaweka amana ya 30,000, pesa alizochukua kwenye chama cha mamake, na akaomba mwezi mmoja atafute zilizobaki. Wiki ile ile amana ikaisha kliniki. Nataka ujue hilo mapema, kwa sababu maadili ya mtu aliyekwisha kutumia amana hayafanani na ya mtu mwenye pesa mfukoni.

Siku kumi baadaye gari likachemsha Makupa.

Nilikuwa kwenye foleni ya kuelekea Changamwe, jua la saa nane, malori mbele na nyuma. Nikaona mshale wa geji ya joto unapanda. Ukafika kwenye nyekundu. Nikaanza kutafuta pa kuegesha, tuktuk hazinipishi. Halafu mshale ukashuka. Ukarudi taratibu mpaka katikati, mahali pake pa heshima. Nikashusha pumzi, nikasema alhamdulillahi, kumbe ilikuwa foleni tu. Nikaendelea. Dakika tatu nne baadaye boneti ikafuka moshi mweupe, injini ikapiga kelele kama kokoto ndani ya sufuria, ikazima.

Fundi alinieleza baadaye kilichotokea na mpaka leo kinanisumbua. Kile kinachopima joto kinafanya kazi kikiwa kimezama ndani ya maji. Maji yakiisha kabisa, kinabaki kwenye hewa na mvuke, hakina cha kupima, na mshale unaweza kushuka. Yaani gari lilipokuwa linaanza kufa ndipo liliponiambia limepona. Niliposhukuru ndipo nilipokuwa nalimaliza.

Fundi wa kwanza tuliyemwita alikuja na pikipiki na jibu. "Hii si kazi. Manjano." Nikadhani ananitania. Alikuwa hatanii. Unanunua manjano ya unga, vijiko kadhaa, unatia kwenye rejeta, unawasha gari. Unga unazunguka na maji mpaka ukute ufa, unajikusanya pale, unaziba. Wengine wanatumia pilipili manga, wengine ute wa yai, na madukani ipo ya chupa yenye jina la kizungu inayofanya vile vile kwa bei kubwa zaidi. "Likifika kwa mwenyewe litakuwa kavu kabisa," akaniambia. "Wiki mbili, tatu. Kwani walitaka la nini, si waliuza?"

Nikaenda Marikiti. Sitaficha. Nilisimama mbele ya vile vilima vya viungo, bizari, iliki, mdalasini, nikanunua robo kilo ya manjano, na muuzaji akaniuliza ni pilau ama mchuzi. Nikamwambia mchuzi.

Nilivyokuwa narudi nayo kwa miguu, kifuko mkononi, likanijia jambo la madrasa ambalo kila mtoto wa Mji wa Kale amelisikia: Mtume alipopita sokoni akatia mkono wake ndani ya rundo la nafaka, na vidole vikakuta unyevu chini ya ukavu. Mwenyewe akajitetea kwamba ni mvua. Naye akataka kujua kwa nini basi zile zilizolowa hazikuwekwa juu, watu wakaziona. Nilipokuwa mdogo niliielewa kama hadithi ya mtu mwovu. Sasa naona yule muuzaji hakusema uongo, ilikuwa kweli mvua. Hakuna aliyemlaumu kwa mvua. Kosa lake lilikuwa mpangilio tu: lipi juu, lipi chini.

Wa Magharibi nao wana hadithi yao, na kwa bahati nayo ni ya mji wa bandari. Cicero, Mrumi, aliandikia mwanawe kitabu kuhusu wajibu mwaka 44 KK, na ndani yake kuna mfanyabiashara anayetoka Alexandria na jahazi la nafaka kwenda Rhodes, ambako kuna njaa. Njiani ameona merikebu nyingine nyingi zikija na nafaka. Akifika, awaambie watu wa Rhodes, bei ianguke, ama anyamaze auze ghali? Cicero anawaleta wanafalsafa wawili. Diogenes wa Babeli anasema kunyamaza si kuficha; mtu halazimiki kutangaza kila anachokijua. Mwanafunzi wake Antipater anasema lazima aseme, kwa kuwa binadamu wote ni jamaa wa jamii moja. Kisha wanahamia kwa mtu anayeuza nyumba mbovu ambayo ubovu wake anaujua peke yake. Cicero mwenyewe anaegemea upande wa kusema.

Sheria yetu iko karibu zaidi na Diogenes. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, kwa jumla inamwachia mnunuzi ajiangalie mwenyewe anaponunua kikuukuu kwa mtu asiye mfanyabiashara wa vitu hivyo. Ukimdanganya waziwazi ni habari nyingine, lakini kunyamaza? Nilisoma nikafurahi. Halafu nikagundua manjano si kunyamaza. Diogenes hakuwahi kusema unaweza kuipaka rangi nyumba mbovu. Manjano ni kusema. Ni sakafu kavu inayosema mahali pangu kwamba hakuna kinachovuja.

Basi nikayapeleka nyumbani, na wiki ile tulikula mchuzi wa manjano mpaka binti ya ami akauliza kuna nini.

Fundi wa pili ni mtu mzima, ana kibanda chake Majengo, na ni wale wanaonuna kwanza ndipo wanapofanya kazi. Alikataa kuliwasha. Alilingoja lipoe, akatoa kifuniko cha rejeta akakipindua, raba yake imekauka kama ngozi ya nguru. "Wajua hiki ni cha nini?" Nikasema cha kuzuia maji yasimwagike. Akatikisa kichwa. Hapa kwetu, usawa wa bahari, maji yanachemka kwa nyuzi 100. Yakifungiwa yakawa na presha, yanastahimili zaidi. Ukiongeza presha ya hewa mara moja zaidi, yanafika kama nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Injini inaitegemea nafasi hiyo. Kwa hivyo tundu dogo la kuvuja halipotezi maji tu. Linapoteza presha, na bila presha maji yaleyale, ya kiasi kilekile, yanachemka mapema. Chupa zangu mbili za kila asubuhi zilikuwa zinarudisha maji. Presha hazikuwa na uwezo wa kuirudisha.

Akaendelea kufungua. Hozi ya juu imevimba, ukiiminya inalia. Thamostati haikuwepo kabisa. Mtu aliing'oa zamani, kama wanavyoing'oa wengi huku, kwa imani ile ile ya nchi za baridi. Thamostati inayazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto, inakula petroli, inajisaga. (Nilimwambia fundi hii ni kama kumfukuza mtu pekee nyumbani anayesema subiri. Hakucheka.) Akaweka rula ya chuma juu ya hedi akapitisha karatasi ya sigara chini yake. Pembeni ikakwama, katikati ikapita. Hedi imepinda.

Ndipo akafika kwenye pampu ya maji, akanyamaza, akaniita.

Nitaeleza taratibu, kwa sababu makala yote haya ni kwa ajili ya kitu hiki kimoja. Ndani ya pampu kuna mti unaozunguka juu ya beringi. Upande mmoja wa mti kuna maji, upande wa pili kuna beringi na grisi yake, na kati yao kuna sili inayowatenganisha. Sili ikichoka, maji yanapita. Yakipita yataingia kwenye beringi, yatafua grisi, beringi itakufa, na pampu na feni vitakwenda nayo. Walioichora pampu walijua siku hiyo itafika. Kwa hivyo, kati ya sili na beringi, wakatoboa tundu dogo linalotazama chini. Sili ikifa, maji hayafiki kwenye beringi. Yanatoka nje, tone, tone, chini ya gari, mbele ya macho ya mwenyewe. Ni tundu la kuvujia, limewekwa kwa makusudi. Uvujaji ule si ubovu wa pampu. Ni pampu inayokwambia.

Letu lilikuwa limezibwa. Gundi ya chuma, ile ya mirija miwili unayochanganya nyeusi na nyeupe, imepakwa vizuri na kulainishwa kwa kidole.

"Huyu alofanya hivi ni adui wa gari," fundi akasema. "Fundi gani huyu? Wamjua?"

Nikasema simjui.

Nimesema tutairudia ile hoja yangu, ya kwamba kupuuza hakuna siku. Siku ilikuwepo. Ilikuwa Jumapili, kabla ya harusi ya binamu yangu, na gari lilikuwa limeombwa kumbeba bibi harusi kwa sababu 504 ikioshwa na kupambwa inapendeza kwenye picha. Lilikuwa linadondosha matone, moja kila sekunde chache, na mama anayeuza viazi karai pale tunapoegesha alikuwa amelalamika kwamba nawachafulia wateja wake pa kukaa. Nikajilaza chini na tochi ya simu. Nikafuata tone mpaka kwenye tundu. Nikakumbuka nilikuwa na gundi niliyoibakisha kwenye kazi ya mfereji. Nikaipaka, nikailainisha kwa kidole. Tone likaacha. Nikajisikia fundi. Nilimwambia ami nimelitengeza, akaniombea.

Maji yaliyokosa pa kutokea yakaenda kwenye beringi. Beringi ikalegea, mti ukaanza kuyumba, sili iliyokuwa imechoka ikafa kabisa, na maji yakapata njia nyingine nyuma ya pampu, mahali pasipoonekana, panapokauka juu ya injini yenye moto kabla ya kufika chini. Ndiyo maana sakafu ilikuwa kavu. Ndiyo maana gari lilikuwa linakunywa bila kuvuja, na sisi tukasema ni uzee.

Hapo ndipo swali langu lilipogeuka. Sikuwa nimeuliza kama kupuuza ni tendo kwa sababu napenda falsafa. Niliuliza kwa sababu jibu la "hapana" lilinifaa. Nilizitandaza siku elfu moja za chupa mbili mbili juu ya siku moja ya gundi, na kutoka mbali zote zikaonekana sawa. Nashuku hivi ndivyo kupuuza kunavyofanya kazi mahali pengi. Tunasema mambo yaliharibika polepole, na ni kweli, lakini ukirudi nyuma ukachunguza, mara nyingi kuna alasiri moja ambapo kitu kilikuwa kinasema, na mtu akakiziba kinywa kwa sababu kulikuwa na wageni.

Mtu atasema sikujua. Sikujua kweli. Sikuwahi kusikia kwamba kuna tundu linalowekwa ili livuje. Lakini nilijua sijui, na hilo ni jambo tofauti. Kibanda cha fundi kilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano. Sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu litagharimu.

Gharama ilikuja kuwa 38,000: pampu mpya, rejeta kuzibuliwa na kuchomelewa, hozi mbili, thamostati, kifuniko, hedi kupelekwa kuskimiwa, gasketi, kulanti, na kazi. Binamu yangu aliye Doha akanikopesha nyingi yake. Fundi alipomaliza akaliwasha, akaliacha lingurume nusu saa chini ya mwembe, mshale ukatulia katikati, safari hii kwa haki. "Sasa laweza kuuzwa," akasema. "Huna haja ya kumweleza mtu historia."

Hili ndilo swali gumu zaidi, na sikuwa nimelitarajia. Kitu kilichokwisha kutengenezwa, ubovu wake wa zamani bado ni wa kusemwa? Hedi iliyoskimiwa imepungua unene. Inaweza kukaa miaka kumi. Inaweza pia kusumbua kwenye mlima wa kwanza. Fundi aliamini itakaa, nami nikamwamini fundi. Antipater angesema sema. Lakini hata Antipater, nadhani, hakuwa amekwisha kutumia amana.

Nilimwita yule kijana tukakutana Makadara. Nikamwambia yote. Chumvi, Makupa, hedi, mpaka gundi na kidole cha nani. Nikampa na risiti. Alisikiliza huku akilizunguka gari, akainama, akatazama chini, pakavu.

"Kwa nini waniambia?" akauliza.

Nikasema kwa sababu utakuwa barabara ya Kilifi usiku na samaki na barafu, na nataka ujue uangalie nini.

Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Broo, mimi nimenunua vitu vingi. Mtu akikuambia ubaya wa kitu chake, basi ule asiokuambia ni mkubwa zaidi." Akaniomba amana yake. Baadaye nilisikia amechukua Probox ya mtu wa Bamburi ambaye alimwambia haina shida yoyote.

Sikumkasirikia. Nilikasirika, kisha nikaona ana hoja. Katika soko ambalo kila sakafu imekaushwa na manjano, tone moja linaonekana kama mafuriko. Mnunuzi mwenye akili anamkimbia anayevuja na anamwendea aliyezibwa, na kila mmoja wetu anayeziba anamfundisha kufanya hivyo. Yeye hakukosea hesabu. Alihesabu kwa namba tulizompa.

Gari bado liko Makadara. Siku chache za mwanzo pampu mpya nayo ilidondosha kidogo, matone ya kijani, na fundi akaniambia niache, sili mpya huhitaji siku kukaa mahali pake. Ila akanionya: kulanti ni tamu, na ni sumu. Vijiko vichache tu vinatosha kuua figo za paka, na Mji wa Kale unajua wenyewe una paka wangapi. Mama wa viazi karai alikuwa ameshaona doa la kijani na kuuliza ni uchafu gani tena. Nilimweleza. Akanipa karai lake kuukuu lililotoboka, tukalijaza mchanga, nikaliweka chini ya tundu. Kila asubuhi naenda kulitazama. Chupa sichukui tena, nachukua tochi. Mchanga umekuwa mkavu kwa miezi miwili, na bado nalala chini kuhakikisha ukavu huo ni wa aina gani.

Amana namrudishia kwa simu, elfu mbili, elfu tatu, kila nikipata. Jana nilikuwa nimetoka kumtumia elfu tatu nyingine, nikarudi nyumbani na simu mkononi, na ami yuko barazani, kahawa yake, kikoi chake. Hajazoea kwamba gari halihitaji tena.

"Umelipa?"

"Bado elfu kumi na mbili," nikamjibu.

Akanitazama kwa muda. "Za maji?"